Dola imeshuka, mbona sukari haishuki?

Hotuba juu ya bei, riba na mwaka 2026, iliyotolewa Butembo mbele ya wanachama wa Butembo na Beni, mwishoni mwa Desemba 2025. Kamati ya hesabu imeomba ichapishwe hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na wafadhili wetu.

Niliombwa niseme juu ya uchumi wa dunia, nikajiuliza mtu aliyerudi kijijini na kukuta nyumba haina mlango atafanya nini na uchumi wa dunia. Kisha nikasoma daftari la madeni yetu, nikaona dunia iko ndani ya lile daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Leo tuna mambo matatu ya kuamua: deni lilipwe kwa dola au kwa franga, faida ya deni ipandishwe au ibaki, na pesa ya wafadhili ibadilishwe lini. Mambo haya hatuwezi kuyaamua kwa kelele. Lazima kwanza tuelewe bei zinatoka wapi.

Maneno mawili tu

La kwanza ni mfumuko wa bei. Maana yake si kwamba nyanya zimepanda wiki hii juu ya mvua. Maana yake ni kwamba karibu vitu vyote vinapanda kwa pamoja, na franga yako inanunua kidogo kuliko jana. Mwaka 2023 bei katika nchi yetu zilipanda karibu asilimia 24. Mwaka 2024 zikapanda tena kati ya asilimia 11 na 12. Chukua mama aliyeficha franga 100,000 chini ya godoro mwanzoni mwa 2023. Mwisho wa mwaka ule noti zilikuwa zile zile, hakuna aliyeziiba, lakini zilinunua vitu vya kama franga 80,000 za zamani. Mwisho wa 2024 zikanunua vya kama franga 72,000. Mwizi huyu havunji mlango.

La pili ni riba, ile sisi tunaita faida ya deni. Riba ni bei ya kukodi pesa. Kila nchi ina benki kuu inayoweka riba ya msingi. Bei zikipanda mno, benki kuu inapandisha riba ili watu wakope kidogo na wanunue kidogo, bei zitulie. Bei zikitulia, inaishusha. Ni sawa vile dereva anavyokanyaga breki kwenye mteremko na kuiachia kwenye mlima.

Wazee wanaijua hii hadithi

Wazee walio hapa hawahitaji kufundishwa. Wanakumbuka noti ya zaire milioni 5. Wanakumbuka Oktoba 1993, ilipoletwa zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu asilimia 10,000. Kisha Juni 1998 ikaja franga ya Congo, moja kwa zaire mpya 100,000. Watu waliokuwa na pesa ya karatasi waliamka bila kitu. Waliokuwa na parseli, ng'ombe au miti ya kukata mbao walibaki na kitu mkononi.

Ndiyo maana watu wetu wanapenda dola. Si kiburi, ni kovu. Hata leo, katika benki za nchi yetu, karibu asilimia 90 ya pesa iliyowekwa ni pesa ya kigeni. Na hapo panatokea ajabu moja. Agosti 2023 Benki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25. Ni breki nzito. Lakini ile breki inashika gurudumu la franga, na gari letu kubwa linatembea kwa gurudumu la dola. Iliposhushwa hadi asilimia 17.5 mwezi wa Oktoba 2025, ni nani hapa aliyeona deni lake la benki linakuwa nafuu? Benki inakukopesha dola, na bado inakuomba hati ya parseli. Mtu aliyerudi juzi, ambaye hata mipaka ya shamba lake inabishaniwa, ataitoa wapi hiyo hati? Kwa hiyo benki yetu ni hiki chama. Tukikiharibu, hatuna kingine.

Njia tatu ambazo dunia inaingia sokoni kwetu

Njia ya kwanza ni dola yenyewe. Mwaka 2022, baada ya ugonjwa wa Covid na baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei za Marekani zilipanda hadi asilimia 9.1 kwa mwaka, mwezi wa Juni. Benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Pesa za dunia zikakimbilia Marekani kutafuta faida, dola ikawa na nguvu, na pesa za nchi maskini zikalegea. Kwetu dola ilikuwa karibu franga 2,000 mwanzoni mwa 2023. Kabla mwaka kwisha ilikuwa imepita 2,500. Kulikuwa pia na sababu zetu wenyewe: vita, matumizi ya serikali, mwaka wa uchaguzi.

Sasa Marekani wanaachia breki. Riba yao imeshuka kidogo kidogo tangu Septemba 2024, na mwezi huu wa Desemba 2025 iko kati ya asilimia 3.50 na 3.75. Benki kuu ya Kenya nayo imeshusha, kutoka 13 mwaka 2024 hadi 9. Hiyo inatuhusu kwa sababu mfanyabiashara wa Butembo anachukua mali kwa watu wa Kampala na Nairobi, na wale wanafanya kazi kwa deni la benki. Deni lao likiwa nafuu, wanaweza kumpa mteja wao wa Butembo mali na kumngoja siku chache zaidi.

Njia ya pili ni barabara. Mafuta ya kupikia, sukari, bati, misumari, mazutu na esansi: nyingi inashuka Mombasa au inatoka Uganda, inapita Kasese, Mpondwe, Kasindi, inafika Beni na Butembo. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, kutoka Beni hadi hapa ni 54. Kwenye ramani si kitu. Lakini kila lori linaleta ndani ya bei yake mafuta ya dunia, ushuru wa mpaka, barieri za njiani, na woga wa dereva. Mwaka 2022 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120, na motari wote wanakumbuka. Sasa mwisho wa 2025 liko karibu nusu ya hapo. Sehemu ile ya bei imepungua. Woga wa dereva haujapungua, na hakuna benki kuu inayoweza kuushusha.

Upande wa kusini mnaujua. Tangu Kanyabayonga na Kirumba zilipoanguka mwaka 2024, na Goma Januari 2025, ile barabara iliyokuwa inapeleka maharagi, viazi na mbao zetu Goma si barabara ya biashara ya kawaida tena. Benki za Goma zilifunga milango. Kuna watu kati yetu ambao akiba yao ilibaki nyuma ya milango ile. Serikali ya mkoa iko Beni sasa, na watu wengi wamekuja kutafuta nyumba Beni na Butembo. Watu wengi, nyumba chache: kodi inapanda, hata kama riba ya dunia yote ikiwa sifuri.

Njia ya tatu ni kile tunachouza. Wandugu wa Beni wanajua kakao. Mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana yaliharibika, na bei ya tani moja huko New York, iliyokuwa karibu dola 2,500 mwaka 2022, ilipita dola 12,000 mwezi wa Desemba 2024. Watu walijenga, walinunua moto, walilipa minervali. Lakini mwisho wa mwaka huu bei imeshuka chini ya nusu ya hapo. Kakao ilipanda juu ya shida ya jirani, na inashuka jirani anapopona. Mtu asipange maisha ya miaka mitano juu ya bei ya mwaka mmoja.

Sasa: mbona sukari haishuki?

Hii ndiyo swali la kila mama sokoni. Mwezi wa Septemba mwaka huu dola ilikuwa zaidi ya franga 2,800. Katika wiki chache tu, Benki Kuu ikiwa imeuza dola na kubana franga, ikashuka chini ya 2,500. Watu walisema: Mungu asifiwe, vitu vitashuka. Havikushuka kama walivyotarajia. Kwa nini?

Kwanza, mali iliyoko dukani ilinunuliwa wakati wa dola ya zamani, na mwenye duka hataki kuuza kwa hasara. Pili, mwenye duka haamini. Ameona franga ikianguka miaka mingi, anasema hii ni ya muda tu, nikishusha leo nitapandisha kesho na wateja watanitukana. Tatu, ushuru, barieri na usafiri havikushuka pamoja na dola. Nne, na hii ndiyo kubwa, vitu vyetu vingi vinahesabiwa kwa dola: kodi ya nyumba, bati, masomo ya shule nyingi. Kama bati ni dola 10, itabaki dola 10.

Kwa hiyo ni nani aliyepata, na ni nani aliyepoteza? Tuseme hesabu iwe rahisi, dola ilikuwa 2,800, sasa ni 2,300.

Mama anayeuza kwa franga na kulipa deni la dola 100: zamani alitafuta franga 280,000, sasa 230,000. Amepumua.

Mzee anayetumiwa dola 100 na mtoto wake aliye Kampala au Kanada: zamani alikwenda sokoni na 280,000, sasa na 230,000. Unga haujashuka. Amepoteza franga 50,000, na mtoto kule anafikiri ametuma pesa ile ile. Wale wa Marekani waambieni pia kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje kwa kulipa noti mkononi. Akituma kutoka kwenye akaunti ya benki, kodi hiyo haimgusi.

Na sisi chama, tunaopokea msaada kwa dola na kulipa fundi, mbao na mchanga kwa franga: tumepoteza sawa na yule mzee. Wafadhili wetu wanaosoma hapa, tunawaomba mwone hii bila kufikiri vibaya. Dola 1,000 zilizokuwa franga 2,800,000 kwenye bajeti, kwenye mfano wetu zimekuwa 2,300,000. Bati haikuguswa kwa sababu inauzwa kwa dola. Lakini kazi ya fundi na mbao vimeguswa. Ikiwa paa moja halijakamilika, kabla ya kutafuta aliyekula pesa, angalieni kwanza ile tarehe ya kubadilisha.

Mwaka 2026 unaonekana namna gani

Shirika la Fedha la Kimataifa, mwezi wa Oktoba, lilikadiria kwamba uchumi wa dunia utakua asilimia 3.2 mwaka 2025 na 3.1 mwaka 2026, na kwamba mfumuko wa bei wa dunia utashuka kutoka asilimia 4.2 hadi 3.7. Kwa maneno ya sokoni: dunia inatembea, haikimbii. Ushuru mpya wa Marekani unapunguza mwendo. Dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi mwezi wa Oktoba, na dhahabu ikipanda hivyo, ujue wenye pesa wana wasiwasi.

Kwetu hapa mfumuko wa bei sasa uko chini ya asilimia 10 kwa mwaka. Ni habari njema kweli. Lakini msaada unapungua. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisimamishwa Januari 2025 na likafungwa rasmi Julai. Mashirika mengi yaliyokuwa yanagawa chakula, mbegu na dawa katika mkoa wetu yalikuwa yanakunywa kwenye kisima kile. Kwa hiyo mwaka 2026 tutegemee bei tulivu kidogo, na mikono michache ya kusaidia. Hapo ndipo visanduku vyetu vitatu vina kazi.

Mapendekezo ya kamati

La kwanza, deni lifuate pesa ya biashara. Anayeuza maharagi, makala au samaki kwa franga, akope franga na alipe franga. Anayeuza kakao au kahawa kwa mnunuzi wa dola, akope dola. Mtu mwenye deni la dola na mapato ya franga anacheza kamari hata kama hajui. Leo ameshinda. Aliyekopa mwanzoni mwa 2023 alishindwa: dola 100 za franga 200,000 alizirudisha kwa zaidi ya 250,000, kabla ya kuhesabu faida.

La pili, faida ya deni ibaki asilimia 3 kwa mwezi. Kuna wanaoomba ipande hadi 5 juu ya bei kupanda. Ninaelewa hofu yao, lakini tupige hesabu. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka. Bei zinapanda chini ya 10 kwa mwaka. Kisanduku cha kijani hakiliwi na mfumuko wa bei, kinakua. Tukiweka 5, mkulima anayekopa 100 na kungoja miezi sita kuvuna atalipa 30 badala ya 18. Muuza samaki anazungusha mali kila wiki na anaweza kuibeba. Mkulima hawezi. Na karibu nusu yetu waliorudi ni wakulima. Kinachokula kisanduku chetu ni deni lisilorudi, na deni kubwa la mtu mdogo halirudi.

La tatu, kisanduku chekundu, cha misiba na magonjwa, kisiwe mahali pamoja wala pesa ya aina moja. Sehemu kwa franga kwa matumizi ya haraka, sehemu kwa dola, sehemu kwenye simu kwa jina la watu watatu wanaojulikana na mkutano. Goma imetufundisha kwamba benki nzuri inaweza kufunga siku moja. Oicha na Mbau zimetufundisha kwamba sanduku la nyumbani linaweza kuachwa usiku mmoja.

La nne, kisanduku cha buluu, cha pesa ya wafadhili, kibadilishwe kadiri ya kazi: wiki hii kuna mafundi wa kulipa, badilisha ya mafundi. Wala tusibadilishe yote kwa siku moja, wala tusingoje dola ipande kama wachezaji. Kila risiti iandikwe tarehe na bei ya kambista. Na kila bajeti mpya iandikwe kwa bei mbili za dola, ya juu na ya chini, ili mfadhili aone mapema.

La tano, hakuna kukopa juu ya kakao ya shamba ambalo mtu hawezi kufika. Ninasema hili kwa uchungu. Kuna mashamba yamejaa matunda na mwenyewe hathubutu kulala huko. Bei ya New York haivuni kakao. Mwenye shamba la namna hiyo tumsaidie kwa kisanduku chekundu, tusimfunge kwa kijani.

Maswali

Mama mmoja wa soko aliuliza: "Papa, tuambie tu, dola itarudi juu au hapana?" Jibu: Mama, anayekuahidi hilo anakuuzia kitu. Dola za nchi yetu zinatoka zaidi kwenye shaba na kobalti ya Katanga na Lualaba. Bei za huko zikiwa nzuri na serikali ikijizuia kutumia, franga inaweza kusimama. Vita vikila pesa zaidi, italegea. Wewe panga biashara yako iweze kuishi kwa 2,200 na iweze kuishi kwa 2,800.

Mzee wa Beni aliuliza kama si bora kuweka akiba kwenye mali. Jibu: Mzee, ni kweli, kwa sehemu. Gunia la maharagi la wakati wa mavuno, likikaushwa vizuri, mara nyingi linashinda noti. Lakini gunia lina panya, na mtu anayekimbia halibebi. Changanya.

Kijana mmoja aliuliza kama asilimia 3 si riba ya kuumiza, wakati Marekani wanatoza chini ya 4 kwa mwaka. Jibu: Mwanangu, ile ni riba ya benki kwa benki, sehemu ambayo mkopaji haibadilishi makao usiku. Hapa faida inarudi kwetu: mwisho wa mzunguko tunaigawa. Unailipa kwa mkono wa kuume na kuipokea kwa mkono wa kushoto, mradi wote walipe.

Mkutano ulipiga kura. Mapendekezo ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano yalipita. La pili, juu ya asilimia 3, lilibishaniwa zaidi ya saa moja. Lilipita kwa mwaka mmoja, litaangaliwa tena Desemba 2026, na wauzaji wa kila wiki watakaotaka kuchangia zaidi kisanduku chekundu wamekaribishwa.

Wenye deni la Januari, tunawangoja na daftari.